Zuhura mwanangu, blanketi nalituma ila usimlaze nalo

Zuhura mwanangu,

Assalam aleikum. Sisi hatujambo, mama yako mguu umepungua kuvimba, mimi niko barazani kwenye cherehani naandika kwa kidole kimoja kwa hiyo ukikuta makosa vumilia. Ile picha ya kitanda cha mtoto uliyotupia kwenye grupu la familia nimeiona. Wenzangu wote wameweka mioyo na mashallah, shangazi yako kaweka mpaka maua, mimi sikuweka kitu ukauliza baba mbona kimya. Sasa ndo najibu. Nimehesabu mito minne, na yule dubu, na duveti, lile blanketi nene la kujazwa, na kile kitambaa kinene mlichozungushia zile mbao. Mtoto mwenyewe atalala wapi?

Vitoe vyote mama. Godoro gumu, shuka moja limekazwa, mtoto chali, miguu yake ifike mwisho wa kitanda asiweze kuteremka akajifunika kichwa. Basi. Usiseme baba anasikiliza ya vijiweni, nilimkalisha mtoto wa shangazi yako hapa na simu yake akanisomea kurasa za huko huko kwenu Uingereza, za NHS, huduma yao ya afya ya serikali, akanitafsiria mstari kwa mstari, wanasema mtoto chini ya mwaka mmoja hapewi duveti wala blanketi la viraka wala mto. Tena chumba kiwe nyuzi 16 mpaka 20, na alale chumba mlicholala nyinyi miezi sita ya mwanzo. Hao Waingereza tangu 1991 wanawaambia wazazi wawalaze watoto chali, na vifo vya watoto usingizini vikapungua sana. We una digrii mbili, ilikuwa mimi nikusomee wewe?

Haya. Blanketi lenyewe nimelimaliza jana usiku, binti wa jirani anaondoka nalo Jumamosi, ana kilo 23 na nusu yake keshajaza dagaa na unga wa muhogo lakini la kwako halikosi nafasi, nimelikunja kwenye mfuko wa nailoni. Na usimfunike nalo akilala. Najua utacheka, fundi gani anashona blanketi halafu anakataza lisifunike mtu. Mtandikie chini sakafuni akiwa macho alale kifudifudi kidogo akaze shingo, we ukiwa umekaa pale pale unamtazama. Au uliweke mapajani ukinyonyesha. Akitimiza mwaka ndo umfunike nalo mpaka achoke.

Nikueleze lilivyotengenezwa ujue la kulitunza. Miraba 64, nane kwa nane, kila mraba nimekata inchi 5, robo inchi kila upande inaliwa na mshono, kwa hiyo likikamilika ni inchi 36 pande zote. Vipande vyote ni kanga kuukuu, mpya sikutaka, ile dawa ya dukani inakwaruza na ukiifua inaruka, unajikuta mraba mmoja umepinda mwingine umenyooka. Shida ya kuukuu inateleza na kuvutika kama tambi, nikaipiga wanga wa muhogo nikapiga pasi ndo mkasi ukatii. Vijana wa hapa Ngamiani wanapita wananiuliza mzee siku hizi unashona viraka biashara imekuwa ngumu nini, nawaambia pita zako.

Katikati nilitaka sufi, ule msufi wa nyuma kwa mzee jirani umeangusha mwingi mwaka huu, nikakumbuka sufi ukishaifua inakaa madongemadonge, tena haitaki cheche ya moto. Nimeweka flana tabaka moja tu, nyepesi makusudi. Mgongoni ni kitambaa cha marekani. Kila mstari wa miraba nimeupitishia cherehani juu mpaka chini ili flana isitembee, na hapo mkanda wa cherehani ukakatika mara mbili, nimeufunga kwa uzi wa viatu mpaka leo.

Vifungo nilikuwa nimeweka vinne vya rangi kwenye kona, vilipendeza kweli, nikavitoa vyote. Mtoto anatia mdomoni. Na nyuzi zinazoning'inia nimezikata moja moja kwa mkasi mdogo maana uzi ukizunguka kidole cha mguu cha mtoto unakaza, unamsikia analia hujui analilia nini. Kila ukilifua likague, uzi ukichomoza ukate, usiuvute.

Sasa kuna jambo la mama yako atakwambia yeye kwa maneno yake, bora ulisikie kwangu kwanza. Zile kanga ni zake. Zilikuwa kwenye sanduku chini kabisa, nikajua hazivai, zingine ni zile nzito za kiwanda cha Urafiki za wakati tunaoana. Na kile kisutu, ile kanga ya bibi harusi. Pindo lake ndo nimelizungushia ukingo. Sikumuuliza. Alikuwa kwa dada yake Pangani siku tatu, aliporudi nilishakata. Hakusema na mimi siku mbili, chakula anaweka mezani anaondoka, siku ya tatu akaja kusimama nyuma yangu akaona nimepanga kipande chenye neno NANI kutoka ile ya Nani kama mama, pembeni yake kipande chenye KIKOHOZI kutoka ile ya mapenzi ni kikohozi, akasoma kwa sauti nani kikohozi, akacheka mpaka akakaa chini. Nikaviacha hivyo hivyo, utaviona mstari wa tatu. Lakini bado anasema kisutu kina mwenyewe, kwa hiyo ukija na mtoto mletee kingine, mimi nitakurudishia hela.

Kisutu kinatoa rangi. Nililoweka kwenye maji ya chumvi, maji ya kwanza kama damu, ya pili, ya tatu, ya nne ndo yakatulia. Hata hivyo lifue peke yake, maji baridi, usilitie na nguo nyeupe za mtoto.

Mama yako ananiambia nimezidisha, watoto wetu wote wamelala na kanga wamekua. Namwambia kanga kwa joto la Tanga sio duveti la Leicester mwezi wa kwanza na dirisha limefungwa na moto wa kwenye bomba umewashwa. Mkishawasha hiyo hita halafu mkamvika na kofia na soksi na blanketi juu, huyo mnampika. Mguse kifuani au nyuma ya shingo, kukiwa na jasho mpunguze. Mikono ikiwa ya baridi isikutishe, mtoto mchanga ndivyo alivyo. Kofia ndani ya nyumba mvue. Na ile kamba nyeusi ya shingoni ambayo mama yako kaificha kwenye mfuko huo huo akidhani sijaiona, usimvishe. Wanja fanyeni mnavyoelewana na mwenzio, ila kamba hapana.

Ya Lushoto unayajua, umeyasikia kwa bibi yako toka mdogo, sina haja kuyarudia. Ila kwenye hayo uliyosikia hakuna anayesema blanketi la pili aliweka nani. Mama yako alisema linatosha moja.

Tangi la maji limepasuka chini, fundi anataka elfu themanini, nimemwambia asubiri vuli ikatike. Chumba cha mbele mpangaji kahama na deni la miezi miwili na kang'oa mpaka balbu. Cherehani nafikiri nitaiuza ikifika mwakani, macho kupitisha uzi sahivi namwita mtoto wa jirani. Ningekuachia wewe lakini hata kifungo huwezi kushona, na hilo ni kosa langu, nilikuwa nakufukuza pale kila ukigusa kanyagio, kasome, kasome. Umesoma. Habari ya kupandishwa cheo nimeisikia kwa watu sokoni Mgandini, mwanangu, mimi baba yako nasikia kwa muuza vitunguu. Nilinunua vitunguu kilo tano kwa furaha, mama yako akauliza vya nini.

Akika mkishapanga siku niambieni mapema, mbuzi nitachinja huku na jina mtoe nyinyi wenyewe, siingilii. Mkwe wangu msalimie, mwambie usiku azunguke na yeye, sio kila akilia mtoto unaamka wewe. Na ukiwa umechoka sana unanyonyesha usikae kwenye kochi ukasinzia naye, kochi ni baya kuliko hata hicho kitanda.

Likifika nipigie picha. Piga likiwa sakafuni.

Wako baba.

Nimesahau. Pini nilizotumia zilikuwa 50, nimehesabu zimerudi zote 50 kwenye kopo, nikahesabu tena leo asubuhi, na sumaku ya spika nimeipitisha juu na chini mara mbili. Lakini na wewe lipapase kabla hujalitandika, mraba mmoja mmoja.