Gari inazimika ukibadilisha vitesi? Musikimbilie kununua bwate

Bandugu bakiliya, gari za namna hii zinafika sana ku garaji yetu hapa Goma, na mwenyewe anakuja ameshaambiwa njiani kama bwate ya vitesi imekufa, atafute ingine. Tafazali, mbele ya kutoa hata dola moja, angalia kwanza inazimika wakati gani kabisa: ukikanyaga tu ambreyaji, ao vitesi ikisha kuingia?

Kama inazimika ukikanyaga tu, bwate haina kosa. Hapo mguu umetoka ku akseleratere, motere inapaswa kujishikilia yenyewe ku ralanti, gari nyingi za esansi ni karibu mizunguko 700 mpaka 850 kwa dakika, sasa kama papiyo yenye inapitisha hewa imejaa masizi ao fitre imeziba na hii vumbi nyeusi yetu ya volkano, inashuka chini ya hapo na inakata.

Kuna kingine chenye mafundi wengi wanapita juu yake. Ile tuyo ya mpira yenye mikunjo, inatoka ku fitre inaenda ku papiyo. Ukiitazama motere imetulia unaona iko nzima, lakini ifungue mikunjo na vidole, njo utaona mupasuko. Na juu tunatembea ku mawe ya lava kila siku, sipo zenye zinashikilia motere zinachoka, ukibadilisha vitesi motere inayumba, mupasuko unafunguka, hewa inaingia bila kupita ku kaptere yenye inaipima, kalkilatere (ordinatere ya motere) inatia esansi kidogo kuliko ile hewa, basi inazimika. Tuyo moja tu, na mutu alikuwa anatafuta feza ya bwate nzima!

Kama inazimika vitesi ikiingia na mguu ungali ku ambreyaji, hapo ambreyaji haiachi, ni kusema haitenganishi motere na bwate. Simamisha gari mahali pa sawa, mbele kusikuwe mutu, motere inawaka, kanyaga ambreyaji mpaka chini, ingiza ya kwanza polepole, freni ukuwe tayari nayo. Ikisogea yenyewe, anza na kuangalia mafuta ya ambreyaji kama inavuja.

Za otomatike inaweza kuwa ralanti ileile, ao konvertisere, yenye inaunganisha motere na bwate, imebaki imefunga, hiyo inaomba skaneri, mashini yenye inasoma makosa ya gari. Esansi ya kadafi (ba kuuzisha kando ya njia) yenye maji? Hiyo inazimisha gari popote, hata katikati ya njia, kwa hiyo kama yako inasumbua saa ya vitesi tu, musianze na esansi.

Sisi tunapanda na wewe ndani ya gari kwanza, tunasikia yenyewe, njo tunafungua kapo. Lakini musizoee kutembea nayo hivyo: ikizimika ku muteremuko volani na freni vinakuwa vizito, na ndani muko na watoto. Na musitoe batiri mbele ya kuileta, juu kodi za makosa zinaweza kufutika na skaneri itakosa kitu cha kutuonyesha.