Wimbo wa taifa tuuimbe wenyewe

Mhariri,

Mimi napiga kinanda kanisani, sijasomea muziki, lakini huombwa kupiga wimbo wa taifa kwenye mahafali ya shule. Siku hizi wengi wanabonyeza simu tu, spika inanguruma, watu wamesimama midomo imefungwa. Inaniuma sana. Muziki wa wimbo huu aliutunga Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya huko Afrika Kusini, mwaka 1897. Wazambia nao wanauimba kwa maneno yao.

Walimu wakuu, tafuteni mpiga gitaa au kinanda wa mtaani. Aanzie sauti ya chini kidogo. Akianza juu, watoto wanapiga kelele na kina baba wananyamaza. Na ubeti wa pili, ule wa Tanzania, usikatwe.

Mpiga kinanda,
Morogoro