Namba ya urefu kwenye simu isikuuzie kiwanja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niseme na wanaonunua viwanja Dar es Salaam, pamoja na wenyeviti wa mitaa wanaochora mitaro kabla ya masika. Siku hizi mtu hufungua ramani ya simu, hugusa mahali kiwanja kilipo, husoma "mita 12 juu ya usawa wa bahari", kisha humlipa dalali moyo ukiwa umetulia. Wengine hurusha picha ya droni kwenye kundi la WhatsApp na kuapa kwamba eneo ni kavu. Vipimo vya maana vya ardhi ya jiji hili vipo na vingi havilipiwi, ila havisomwi kwa kugusa kioo cha simu.

Namba ile ya kwenye simu kwa kawaida inatoka kwenye vipimo vya dunia nzima vilivyochukuliwa kutoka juu sana. Maarufu ni vile vya Februari 2000, chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, kilipoizunguka dunia kwa siku 11 kikipima kwa rada. Kipimo kimoja kinabeba mraba wa mita 30 kwa 30, yaani zaidi ya viwanja viwili vya mita 20 kwa 20 vimepewa urefu mmoja. Waliovitengeneza walilenga kosa la wima lisizidi mita 16. Kosa halisi mara nyingi ni dogo kuliko hapo, lakini hata mita 3 zinatosha kuharibu kila kitu mahali pa tambarare: mteremko wa 1 kwa 500 hushuka sentimeta 20 tu katika mita 100. Vipimo vya Ulaya viitwavyo Copernicus, vilivyotokana na satelaiti za rada za miaka ya 2011 hadi 2015, ni bora zaidi, ila navyo vinapima juu ya mapaa na minazi. Vinatosha kukuonyesha kwamba Pugu iko juu ya Jangwani. Maji yatapita mlangoni kwa nani, havijui.

Kwa kazi hiyo ya pili tunahitaji vipimo vya droni. Kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria uliwaingiza mitaani wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi wakishirikiana na wakazi, wakachora nyumba, njia na mitaro na kuviweka vyote kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni iliyo wazi kwa wote. Picha za droni za kata kadhaa zikawekwa wazi kwenye OpenAerialMap, hazina ya mtandaoni ya picha za kutoka angani. Takwimu nyingine za athari za mafuriko zimehifadhiwa katika hazina ya Resilience Academy inayoendeshwa na vyuo vyetu. Zanzibar nao, kuanzia 2016, Kamisheni ya Ardhi ilirusha droni ndogo kupiga picha Unguja na Pemba.

Kosa la kwanza la anayeanza ni kupakua picha badala ya urefu. Picha yenye pikseli ya sentimeta 5 ina pikseli milioni 400 kwa kilometa moja ya mraba, na kabla ya kubanwa ni kama gigabaiti 1.2. Bando linaisha na kompyuta inaganda. Faili la urefu lenye pikseli ya nusu mita, kwa eneo lilelile, ni megabaiti 16 hivi. Pakua hilo. Picha yenyewe itazame moja kwa moja ndani ya QGIS, programu ya bure ya ramani, kwa kubandika kiungo ambacho OpenAerialMap hukitoa kwa kila picha.

Mafaili ya urefu nayo ni ya aina mbili. Lililoandikwa DSM (na hapa si kifupi cha Dar es Salaam) linabeba kila kilichosimama: mapaa, miembe, hata malori. Lililoandikwa DTM linajaribu kubakiza ardhi tupu. Maji hayapiti juu ya mabati, kwa hiyo anayechora mkondo kwa kutumia DSM atapata mto unaokwepa kivuli cha kila mwembe. Chukua DTM, lakini usiiamini kabla ya kuikagua. Droni ya kamera haipenyi paa wala majani. Penye nyumba zilizobanana kama Tandale au Manzese, na uchochoro usiofika mita moja, kamera haikuiona ardhi kabisa, na programu ikakisia urefu kutoka kwenye kingo za mabati. Ardhi inaumuka kama godoro. Kuigundua ni rahisi: chora mkato (mstari unaoonyesha ardhi inavyopanda na kushuka) wa mita 50 unaokatiza uchochoro. Ukiona ardhi inapanda mita 2 au 3 palepale nyumba zinapoanzia na kushuka palepale zinapoishia, hiyo si ardhi, ni paa.

Dawa yake haina gharama kubwa. Fundi yeyote anayejenga msingi ana mpira wa maji. Mpira unaopitisha mwanga wa mita 20, ukitolewa mapovu yote, huhamisha usawa kutoka nukta hadi nukta kwa kosa la milimita chache. Anzia mahali pa wazi ambapo DTM inaaminika, kwa mfano uwanja wa shule, ingia uchochoroni, andika urefu kila baada ya mita 15 au 20, kisha rudi ulipoanzia. Ukirudi na tofauti inayozidi sentimeta 3, kuna povu lilipita au mtu alisoma vibaya, na safari inaanza upya. Nukta hizo ndizo za kusahihishia faili.

Kuna jambo jingine linalowatisha watu bure. Droni hupima urefu kutoka kwenye umbo laini la kihesabu la dunia linalotumiwa na GPS, na katika pwani yetu usawa wa bahari uko zaidi ya mita 20 chini ya umbo hilo. Ndiyo maana faili ambalo halijasahihishwa linaweza kuonyesha nyumba ya Msasani ikiwa mita 20 na ushei chini ya sifuri. Faili halijaharibika. Kama unalinganisha sehemu mbili ndani ya faili hilohilo, kwenye eneo la kilometa moja au mbili, toa namba moja kwa nyingine na tofauti utakayopata ni sahihi kwa sentimeta chache. Hatari inakuja ukichanganya mafaili mawili, au ukitaka kulinganisha na bahari. Hapo lazima yote mawili yahamishiwe kwenye usawa mmoja, na ule uitwao EGM2008, unaokadiria usawa wa bahari dunia nzima, unatosha.

Uhamisho wa pembeni nao una mtego wake. Ramani za zamani za upimaji nchini zilitumia mfumo wa kutaja mahali uitwao Arc 1960, droni inatumia WGS 84, na kati yake kuna kama mita 300. Ukiona mtaa mzima umehamia kaskazini au kusini kwa kiasi hicho, usiuburute kwa kipanya hadi ulingane. Mwambie QGIS mfumo halisi wa kila faili kwa namba yake ya utambulisho: kwa Dar es Salaam ni EPSG:32737 kwa WGS 84 na EPSG:21037 kwa Arc 1960. Programu itahamisha yenyewe.

Sasa maji. Usikate faili kwenye mpaka wa kiwanja au wa mtaa, maana maji hayatambui mjumbe wa shina. Chukua eneo lote kutoka mgongo hadi mgongo wa ardhi. Faili lake lipunguze hadi pikseli ya mita 1 kwa njia ya wastani, la sivyo alama za matairi na chungu za takataka zitageuka mito. Kisha tumia zana ya kuchora mikondo ya maji iitwayo r.watershed, iliyomo katika GRASS, programu inayofanya kazi ndani ya QGIS, ambayo haihitaji kujaza mashimo kwanza. Anza na kikomo cha pikseli 5,000, yaani mkondo uchorwe tu pale unapokusanya maji ya angalau nusu hekta. Mistari ikiwa mingi kama nywele, ongeza kikomo. Kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye urefu sawa, zichore kila nusu mita. Wanaochora kila sentimeta 10 wanachora makosa ya kamera.

Matokeo ya kwanza karibu kila mara huwa na uongo mmoja mkubwa: barabara inageuka bwawa. Kamera imeliona tuta, haikuliona kalavati lililo chini yake, hivyo maji yanajaa upande mmoja na kutafuta njia ambayo haipo. Chora mstari wa kalavati, uupe urefu wa sakafu ya mtaro, na utoboe DTM kwa kuchukua namba iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Mitaro iliyochorwa kwenye OpenStreetMap inasaidia sana hapa, lakini angalia tarehe. Kalavati lililochorwa likiwa wazi miaka minane iliyopita huenda leo limejaa mchanga na chupa za plastiki. Mimi ningeendesha hesabu mara mbili, makalavati yakiwa wazi na yakiwa yameziba yote, halafu ningeamini zaidi ile ya pili.

Kipimo kilicho bora kuliko vyote kiko ukutani mwa watu. Mafuriko ya Desemba 2011 na yaliyofuata yameacha alama kwenye nyumba nyingi za Bonde la Msimbazi, na wakazi huzionyesha kwa kidole. Pima alama kutoka ardhini, ujumlishe na urefu wa DTM. Tuseme nyumba tatu zilizo ndani ya mita 100, penye maji yaliyotuama, zinatoa hivi: 4.10 na 0.90 ni 5.00, 4.35 na 0.60 ni 4.95, 3.90 na 2.10 ni 6.00. Maji ya mahali pamoja hayawezi kupishana mita nzima, kwa hiyo ya tatu ina kasoro. Ama DTM imeshika paa, ama alama ni ya mvua nyingine. Nenda ukaulize. Ukishapata nyumba kumi zinazokubaliana unao usawa wa maji wa kweli, na kila kilicho chini yake kwenye DTM kipake rangi. Chapisha kwa kipimo cha 1 kwa 1,000: karatasi ya A1 inafunika kama mita 840 kwa 590, inatosha mtaa mmoja. Andika misikiti, makanisa, visima na vibanda vya mangi, kwa sababu mkutano wa mtaa hausomi namba za kaskazini na mashariki.

Walio karibu na mdomo wa Msimbazi, kule Daraja la Selander, waongeze bahari kwenye hesabu. Wakati wa bamvua, tofauti ya kupwa na kujaa Dar es Salaam huzidi mita 3, na "usawa wa bahari" wa ramani ni wastani tu wa hapo katikati. Kiwanja kilichoandikwa mita 1 kiko chini ya maji ya bamvua. Mtaro unaomwaga vizuri maji yakipwa unaweza kurudisha maji nyuma yakijaa, na mvua haisubiri kupwa. Zanzibar mambo ni mengine tena: kwenye uwanda wa mawe ya matumbawe, upande wa mashariki wa Unguja, maji huzama mapangoni, na mikondo inayochorwa na kompyuta mingi haipo.

Mnunuzi atumie pia sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au bahari. Kuchora mita 60 ndani ya QGIS ni kazi ya dakika moja. Anzia kwenye ukingo kama unavyoonekana katika picha ya karibuni kabisa, si kwenye mstari wa mto uliochorwa zamani, kwani Msimbazi hula kingo zake na kuhama. Lakini picha hiyohiyo usiipeleke kwenye baraza la ardhi kugombea mpaka. Jengo la mita 6 lililo mita 40 pembeni ya droni iliyoruka mita 100 juu, paa lake huonekana limesogea kama mita 2 na nusu. Watu wameshagombana kwa kipande kidogo kuliko hicho. Mpaka ni bikoni (mawe ya mpaka) na ramani ya upimaji iliyoidhinishwa.

Ombi langu kwa wanaotoa takwimu hizi ni dogo. Kila faili liandikwe tarehe ya kuruka, mfumo wa kutaja mahali, urefu unahesabiwa kutoka wapi, na kosa lililopimwa kwa nukta ambazo hazikutumika kutengeneza faili. Pasipo nukta zilizopimwa ardhini pembeni na katikati ya eneo, ardhi yote inaweza kubinuka kama bakuli bila picha kuonyesha dosari yoyote. Na halmashauri zinapokamilisha mtaro mpya, zichapishe urefu wa sakafu yake kila baada ya mita 20 pamoja na wa kila kalavati. Wakandarasi tayari wanavyo vipimo hivyo, maana ndivyo walivyojengea.

Wako,
Mpima ramani,
Dar es Salaam