Kabla ya kubadilisha nyumba ya zamani, ipimwe kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na wenye nyumba za zamani hapa Dar, na zaidi wale wanaotoa vibali vya ujenzi, maana hili jambo linaniuma na nakutana nalo kila mara kazini. Kazi yangu ni kuchora ramani za majengo na siku hizi kazi nyingi zinazoingia ni za kubadilisha nyumba iliyopo, viwanja vitupu mjini vimeisha. Mtu ana nyumba ya marehemu babu yake Gerezani au Kariakoo, warithi wako wengi, wanataka fremu za maduka mbele na gorofa nyuma, au mwingine yuko Kisutu anataka kutoa ukuta aunganishe vyumba viwili apate ofisi kubwa. Mimi sioni ubaya, nyumba ambayo haiingizi kitu itaachwa ioze tu. Kinachonisikitisha ni namna tunavyoifanya hiyo kazi.

Inavyokwenda ni hivi, fundi anaitwa, anazunguka, anagonga ukuta na nyundo mara mbili tatu anasema huu unatoka, kesho yake kifusi kiko barabarani. Hata pale mtu anapofuata utaratibu akaomba kibali, ramani inayopelekwa inaonyesha kitakachojengwa, ila ile nyumba iliyopo imechorwa kama kiboksi kitupu au haipo kabisa. Sasa afisa anayepiga muhuri atajuaje kinachoenda kupotea? Ndo maana naomba kitu kimoja tu: kwa jengo lolote lililojengwa kabla ya Uhuru, kibali cha kubadilisha au kubomoa kisitoke mpaka kuwe na ramani ya nyumba ilivyo sasa, imepimwa kwa tepu chumba kwa chumba, na picha.

Watu wanadhani hayo ni mapambo ya wasomi, hapana jamani. Chukua nyumba ya mawe ya matumbawe iliyojengwa kwa chokaa, ambayo dari yake imebebwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko haiwi ndefu, kwahiyo vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba na virefu, upana wa chumba umefuata urefu wa boriti, na vichwa vya boriti vimelala juu ya zile kuta ndefu. Ukitoboa ukuta mfupi kwa uangalifu nyumba inavumilia, ila ukigusa ule mrefu umegusa dari lote na pengine na chumba cha jirani, kwasababu ukuta mmoja unabeba boriti za pande zote mbili. Kwenye ramani ya kupima hilo linaonyeshwa na mshale mmoja tu wa boriti zinakoelekea. Bila huo mshale fundi anabahatisha na watu wamelala ndani.

Alafu kuna hii plasta ya saruji. Ukuta wa matumbawe unanyonya maji kutoka chini, hasa kwetu huku pwani ambapo maji ya ardhini yako karibu na yana chumvi, na ile chokaa ya wazee inaruhusu unyevu utoke taratibu ukuta ukauke. Ukiufunika kwa saruji maji hayana pa kutokea, yanapanda juu zaidi, chumvi inajikusanya nyuma ya plasta, masika mawili matatu yakipita unaona imevimba, ukigonga inalia tupu, ikidondoka inabanduka na jiwe. Mwenye nyumba akiona hivo anaongeza saruji nyingine, na akiweka nondo humo zinakula kutu zinavimba zinapasua ukuta, mwisho wake anaambiwa nyumba imechoka ibomolewe. Chokaa nchi hii haijaisha, kinachokosekana ni mtu wa kuandika kwenye ramani kwamba ukuta huu upigwe chokaa na sio saruji.

Nani atawabana watu? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ipo, na inalinda moja kwa moja, bila tangazo, majengo ya kabla ya mwaka 1863. Sasa Dar es Salaam imeanza kujengwa na Sultani Majid wa Zanzibar miaka hiyohiyo ya 1860, hata Boma la Kale pale Sokoine Drive ni la 1866 na 1867, yaani mji wetu karibu wote uko nje ya hiyo tarehe na kila jengo linasubiri tangazo la Waziri kwenye Gazeti la Serikali. Ongeza na historia ya 1971, majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitaifishwa na mengi ya Uhindini yakaishia Shirika la Nyumba, kwahiyo anayeishi ndani mara nyingi ni mpangaji, na mpangaji hawezi kutia hela nyingi kwenye ukuta usio wake.

Uingereza wana utaratibu ambao sisi tunaweza kuchukua kipande chake. England peke yake ina majengo zaidi ya 370,000 kwenye orodha ya majengo yanayolindwa, na mengi ni nyumba watu wanaishi, wanapika, wanazaa humo. Kuingia kwenye orodha hakumzuii mtu kubadilisha nyumba, kunamlazimisha aonyeshe kwanza ilivyo, atakavyoifanya, na aeleze kwa maandishi nini cha thamani kitaguswa. Hiyo ni mpaka ndani, ngazi na dari, sio sura ya mbele tu. Ukibadilisha bila kibali ni kosa la jinai, na kuomba kibali chenyewe hakulipiwi ada.

Mchoraji akishaijua nyumba, njia zinaonekana nyingi. Ile nyumba yetu ya Kiswahili, baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma, ukitaka fremu huhitaji kuvunja ukuta wa mbele. Dirisha likishushwa mpaka chini linakuwa mlango wa duka, linta ya juu inabaki ileile, upana uleule, na baraza linabaki la kukalia wateja. Gorofa likiwa la lazima lisimame uani kwa nguzo zake na msingi wake, liachiwe nafasi kidogo lisiegemee ukuta wa zamani, ngazi iwe upande wa gorofa. Familia inapata vyumba vya kupangisha na mtaa haupotezi sura. Nimechora hivyo na imejengeka.

Na sio lazima jengo liwe la Mjerumani ndo lithaminiwe. Soko la Kariakoo alilolichora Beda Amuli miaka ya 70, lile paa la miamvuli ya zege, lilipoungua Julai 2021 wengi tulijua limekwisha, lakini likakarabatiwa na soko jingine likajengwa pembeni yake. Huo ndo usanifu ninaousema.

Tusiseme tuna muda. Mji Mkongwe wa Zanzibar uko kwenye urithi wa dunia tangu 2000 na una mamlaka yake ya kuusimamia, lakini hata huko Beit al-Ajaib, jumba la sultani la mwaka 1883, iliporomoka upande mmoja Desemba 25, 2020 ikiwa kwenye ukarabati, na mafundi wawili wakafa. Huku kwetu nyumba inabadilishwa usiku ili watu wa manispaa wasione.

Najua swali litakuja, nani analipia kupima. Nyumba ya kawaida ya vyumba sita watu wawili wenye tepu na kamera wanaimaliza kwa siku, na vijana wa usanifu Chuo Kikuu Ardhi wanahitaji mazoezi hayo kuliko kuchora majumba ya kufikirika. Halmashauri zianze na mitaa ya Kisutu na Gerezani, michoro ikae ofisini kwao, na gharama ya hao vijana itoke kwenye ada ya kibali ambayo mwenye nyumba tayari analipa.

Ni mimi msomaji wenu,
Mchora ramani, Ilala, Dar es Salaam