Barua ya wazi kwa Mheshimiwa: tope la mwalo wetu lipimwe kabla ya kufukuliwa

Kwako Mheshimiwa, cheo chako unakijua, sina haja ya kukitaja.

Shikamoo. Pole na majukumu, hasa hili la kufukua tope la mwalo wetu bila kumwuliza mtu. Juzi katapila lilipoanza kuzoa, maji yaligeuka meusi mpaka kwenye mitumbwi. Harufu ya dizeli ikaingia kwenye dagaa waliokuwa bado wabichi juu ya vichanja. Mteja wangu wa Kasulu alinusa kiganja kimoja, akakirudisha, akapanda gari akaondoka. Mkopo wa kikundi hauna pua, wenyewe unadai tu.

Mkutano uliopita uliahidi wataalamu wa kupima tope. Tukawapikia mpaka wali. Wakaja wapima viwanja!

Chini pale kuna nini? Sisi tunakisia: mafuta ya injini ya miaka na miaka, betri chakavu za taa za kuvulia, na uchafu wa mitaro ya mjini mvua ikinyesha. Jibu la kweli liko maabara, si kwenye kijiko cha katapila. Ukilivuruga tope, sumu iliyokuwa imetulia inapanda majini. Na Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga upande wa Kongo. Maji yake mengi huondoka kwa mvuke, uchafu unabaki nasi.

Wenzetu wana njia nyingine. Kwenye bandari ya Trondheim, Norway, na Mto Grasse kule New York mwaka 2006, walijaribu kulitibu tope palepale lilipolala. Wanaweka mkaa maalumu (si huu wa gunia, Mheshimiwa) ambao unanasa sumu. Minyoo ya topeni haizipati kwa wingi, kambale anayekula minyoo vivyo hivyo, na mimi ninayemla kambale napona. Pengine hufunikwa kwa mchanga safi. Lakini mkaa huo hauyashiki madini ya risasi ya betri kama unavyoshika sumu za mafuta, na ni kazi bure ikiwa mafuta bado yanamwagwa. Kwa hiyo usituletee malori ya mchanga kesho ili upige picha. Kwanza vipimo.

Uvuvi ulipofungwa 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, tuliambiwa samaki wapumzike, wazaliane. Tukatii, vichanja vikaota nyasi, watoto wakala ugali na majani ya maharage. Kumbe tulikuwa tunawapumzisha waje wazaliane kwenye dizeli?

Simamisha katapila. Tope lichotwe, lipelekwe maabara, majibu yabandikwe kwenye ubao wa mwalo, kwa Kiswahili. Lipimwe, Mheshimiwa. Ukisema hakuna bajeti, anza na chupa moja tu. Chupa nitatoa mimi.

Wako mtiifu (bado),
Mchuuzi wa dagaa, Kigoma