Shafti ya Boti: Chuma Gani Kinahimili Maji ya Chumvi?

Tunaulizwa sana kama ekseli ya lori inaweza kukerezwa ikawa shafti ya propela. Kukerezwa inawezekana, lakini hatushauri. Ekseli ni chuma cha kaboni. Ikiingia maji ya chumvi huliwa na kutu kwa vishimo vidogo, na kila kishimo ni mwanzo wa ufa. Shafti inapinda kidogo kila inapozunguka, kwa hiyo ufa unazidi kidogo kidogo mpaka shafti inakatika ghafla na propela inakwenda chini.

Stenlesi nayo si moja. Ile ya 304, inayotumika kwenye sinki na reli za ngazi, haifai kukaa baharini. Chukua 316, ambayo ina molibdenamu asilimia 2 hadi 3, kinga dhidi ya chumvi. Tahadhari na kipimo cha sumaku: zote mbili kwa kawaida hazishiki, hivyo sumaku haitakwambia umeuziwa ipi. Dai cheti cha kiwanda, na namba yake ilingane na iliyopigwa kwenye fimbo.

Hata 316 ina udhaifu wake. Utando unaoilinda unahitaji oksijeni ili ujirudishie. Boti ikilala muda mrefu, maji yaliyotuama ndani ya bomba la shafti, chini ya beringi na pakingi, huishiwa oksijeni, na hapo ndipo chuma kinapochimbika ingawa kwa nje kinang'aa. Boti inayolala sana ni bora ipewe dupleksi 2205, aina nyingine ya stenlesi: bei iko juu, lakini ina nguvu zaidi na haichimbiki upesi.

Unene unasaidia kweli. Kutoka milimita 25 kwenda 30, uwezo wa kuhimili msokoto unapanda kwa zaidi ya asilimia 70. Ila beringi na bomba lazima vibadilike pia.

Shafti nyingi hukatikia kwenye mfereji wa kii, kile kipande cha chuma kinachofunga propela na shafti zizunguke pamoja. Pembe za chini za mfereji zikiachwa kali, ufa huanzia hapo, sisi tunaziviringa. Ukituletea kazi, leta na propela yenyewe, maana mteremko wa ncha ya shafti inayoingia kwenye propela hutofautiana: kuna 1 kwa 10, 1 kwa 12 na 1 kwa 16. Tunapaka ncha rangi ya bluu na kuikalisha propela juu yake, tuone inagusa wapi. Ikigusa upande mmoja tu, propela itacheza na kula kii.

Zinki, kipande kinacholiwa na kutu badala ya shafti, ifungwe kwenye shafti safi, isipakwe rangi, na ibadilishwe ikibaki nusu.