Nilimtafuta Kepler, Nikaishia kwa Mama Yake

Stuttgart, Jumapili usiku

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, hofu na mashaka ni juu yako na hao wanao wa Kidato cha Sita. Unaona? Mpaka leo siwezi kuanza barua bila maneno tuliyofundishwa darasa la tano. Uliniandikia kwamba umefika kwenye sheria za Kepler, zile za mwendo wa sayari kulizunguka jua, na darasa zima linasinzia, wanakariri ili wafaulu basi. Ukaniambia, wewe uliyeko huko kwao, nitafutie habari ya huyu mtu ambayo haimo kitabuni. Nimekutafutia, ila nimerudi na habari za mama yake.

Juzi nilikuwa sina zamu, nikapanda treni hadi Leonberg, mji mdogo jirani na hapa. Uwanja wa soko umezungukwa na nyumba kongwe, zile ambazo boriti zake zinaonekana nje kama fito za nyumba isiyokandikwa. Mji huo ndio aliokuwa akiishi Katharina Kepler. Mumewe alikuwa askari wa kukodiwa, akaondoka siku moja kwenda vitani na hakuonekana tena. Mama akabaki na watoto, mitishamba yake na ulimi wake, maana alikuwa mkali wa maneno, haogopi mtu. Kusoma hakujua. Barua za mwanawe alikuwa akizipeleka kwa mwalimu wa shule asomewe. Mkumbuke huyo mwalimu, nitarudi kwake.

Mwaka 1577 ilitokea nyota yenye mkia, ikatazamwa Ulaya nzima. Katharina alimshika mkono mwanawe Johannes, hajatimiza hata miaka 6, akampandisha mahali palipoinuka amwoneshe. Kepler mwenyewe aliliandika hilo ukubwani. Basi mwambie yule kijana wako anayelala dawati la nyuma: mwalimu wa kwanza wa falaki, elimu ya nyota, wa Johannes Kepler alikuwa mama asiyejua kusoma.

Mengine unayajua, nitapita haraka. Alifundisha hesabu huko Graz mpaka Waprotestanti walipofukuzwa mwaka 1600, akakimbilia Prague kwa Tycho Brahe, mpimaji nyota, yule Mdenmaki mwenye pua ya bandia, ambaye pua yake halisi ilikatwa kwa upanga walipogombana na mwenzake. Tycho alifariki mwaka uliofuata. Kepler akarithi cheo cha mwanahesabu wa Kaisari Rudolf II, akarithi na vipimo vya sayari ya Mirihi alivyoviacha bosi wake. Mshahara ulikuwa mzuri kwenye karatasi tu. Maisha yake yote alikuwa akidai malimbikizo. Na usiwadanganye wanafunzi kwamba alikuwa mwanasayansi kama wa siku hizi. Kazi yake ilikuwa pamoja na kuwatazamia wakubwa nyota zao, kama wanavyofanya wazee wetu wa ramli, ingawa mwenyewe alikuwa akilalamika kuwa watu wanataka kuambiwa mengi kuliko nyota zinavyosema.

Hapa kwenye Mirihi ndipo ningekaa kidogo kama ningekuwa wewe. Kepler aliichorea njia ya Mirihi duara lililolingana na vipimo vya Tycho karibu kote. Tofauti iliyobaki ilikuwa dakika 8 za digrii, na digrii moja ina dakika 60. Ukitaka waione kwa macho, watoe nje siku ya mwezi mpevu: upana wa mwezi ni kama dakika 30, kwa hiyo 8 ni robo ya mwezi. Mtu mwingine angesema haya, imetosha, tukale. Yeye alijua Tycho hakosei kiasi hicho, akalitupa duara lake na kuanza upya. Ndiyo ile njia ya duaradufu, duara lililobanwa kidogo, iliyochapishwa mwaka 1609, mnayoikariri hapo Tanga leo.

Sasa rudi kwa mama. Mwaka 1615 mke wa fundi vioo wa Leonberg, Ursula Reinbold, akatangaza kwamba Katharina alimpa kinywaji kwenye kopo la bati na tangu hapo anaumwa, yaani amemroga. Walikuwa marafiki, wakakosana. Shoga, unajua mambo hayo yanavyokwenda. Neno likishatoka, kila mwenye maumivu anakumbuka alikutana na bibi huyo wapi. Mwalimu wa shule, yule msomaji wa barua, akasema miguu yake imepooza kwa sababu ya kinywaji cha Katharina. Msichana mmoja aliyekuwa akibeba matofali akapishana na Katharina njiani, mkono ukamuuma, ikawa kesi. Na bibi mwenyewe hakujisaidia. Alikwenda kumpa ofisa wa serikali kikombe cha fedha ili ayamalize mambo. Aliwahi pia kumwomba mchimba makaburi fuvu la baba yake, alitie fedha, liwe kikombe cha kunywea cha Johannes. Alisikia kwenye mahubiri kwamba watu wa kale walifanya hivyo! Nilisoma hapo nikashika kichwa. Mama wa watu alitaka kumpa mwanawe zawadi.

Usiku wa tarehe 7 Agosti 1620 walimkamata nyumbani kwa binti yake, aliyeolewa na mchungaji wa Heumaden. Walimtoa ndani ya sanduku la nguo ili majirani wasijue. Heumaden siku hizi ni mtaa wa Stuttgart, shoga. Treni ya kwenda huko napishana nayo nikienda kazini, mabehewa ya njano yamejaa watoto wa shule. Yeye alikuwa na miaka zaidi ya 70. Mimi kutwa nawaogesha vikongwe wa umri huo, najua inavyochukua dakika kumi mtu kuvaa soksi. Huyu alifungwa minyororo kwa miezi 14, na walinzi wawili juu, wanaokula kwa gharama yake.

Johannes wakati huo alikuwa Linz, Austria. Sheria yake ya tatu ya sayari alikuwa ameshaigundua, Mei 1618, mwezi uleule ambao magavana wa Kaisari walitupwa dirishani Prague na vita vya miaka 30 vikaanza. Aliacha kazi, akafunga vitabu vyake ndani ya masanduku, akaja. Katika kumbukumbu za mahakama karani aliandika kwamba mshtakiwa amefika, kwa bahati mbaya, akiwa na mwanawe Johannes, mwanahesabu. Hiyo “kwa bahati mbaya” ndiyo niliyoipenda kuliko zote.

Hakusema kwamba uchawi haupo. Wakati ule angesema hivyo angemzamisha mama yake pamoja na yeye mwenyewe. Alichofanya ni kushika ushahidi mmoja mmoja na kuuliza: hili haliwezi kuwa na sababu nyingine? Mwalimu wa shule aliumia akiruka mtaro. Ursula alikuwa mgonjwa kitambo, na dawa alizobugia zilitosha kumdhuru zenyewe. Msichana je? Matofali. Mzigo mzito, mkono ukafa ganzi. Utetezi wake wa mwisho ulikuwa na kurasa 128. Huko magharibi kwetu bado kuna bibi wanaouawa kwa sababu macho yao ni mekundu, na moshi wa jikoni wa miaka hamsini hakuna anayeutaja.

Tarehe 28 Septemba 1621 walimpeleka Katharina kwa mtesaji. Kumgusa hawakuruhusiwa, ila aoneshwe vyombo kimoja kimoja aelezwe vinavyofanya kazi, labda atakiri kwa hofu. Akawaambia wamfanye watakavyo, hata wang'oe mishipa yake mmoja mmoja, hana cha kukiri. Wakamwachia siku chache baadaye. Leonberg hakuweza kurudi, maana watu waliapa kumuua. Alifariki Aprili 1622.

Kepler naye alifia Regensburg mwaka 1630, alikokwenda kufuatilia zile fedha zake. Kaburi lake liliharibiwa na vita, leo halijulikani lilipo.

Shoga, nakuomba kitu. Usianze na sheria. Wape kesi ya matofali bila jibu: msichana, mzigo, bibi anapita, mkono unauma. Waache wabishane kipindi kizima, halafu uniandikie nani alisema nini, hasa huyo wa dawati la nyuma. Desemba nikijaliwa nitakuja, nitakuletea kadi niliyonunua Leonberg. Wewe niandalie muhogo wa nazi, huku nimechoka na viazi.

Msalimie mama, mwambie dawa ya magoti nimeshaipata.

Ni mimi shoga yako wa Chumbageni